Njia ya pwani isizibwe: mwongozo kamili kwa vijiji vya Mtwara na Lindi vinavyopakana na uwanja wa gofu

Mwekezaji wa hoteli na uwanja wa gofu akifika kijijini, mazungumzo huanzia kwenye ajira, kisha yakahamia kwenye fidia ya minazi na mikorosho. Njia ya kwenda pwani haitajwi. Haina mwenyewe, haina hati, hakuna aliyeipanda, na kila mtu anaamini haiwezi kwenda popote. Ndiyo maana inakuwa ya kwanza kupotea. Siku nguzo za uzio zinapochimbiwa, mama aliyezoea kushuka mwambani kuchokoa pweza anaambiwa azunguke kwa barabara ya magari, na akifika huko maji yameshaanza kujaa.

Nimeuandika mwongozo huu kwa wanakijiji, wenyeviti wa vitongoji na mitaa, wakulima wa mwani na vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) kuanzia Kilwa Masoko mpaka Msimbati. Msimamo wangu ni huu: njia iingie kwenye karatasi kabla ya bikoni ya kwanza kusimikwa, na panapokuwa na hatari ya mipira, uwanja ndio upangwe upya. Hatari inayoletwa na mradi haiwezi kuwa sababu ya kuwaondoa watu waliokuwa wakipita hapo kabla mradi haujafikiriwa.

Hatua ya kwanza: ipiteni njia yenyewe

Kabla ya barua na kabla ya wakili, ipiteni njia kwa miguu. Chagueni siku ya bamvua, yaani bahari inapopwa na kujaa kuliko siku nyingine. Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kati ya kupwa na kujaa tofauti ya kina hufika mita tatu au zaidi. Kila mvuvi na kila mchokoa pweza anaijua hesabu hii. Mchora ramani aliyekaa ofisini mbali na bahari haijui, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua njia ipite wapi.

Hoja mtakayoisikia mapema ni hii: "Si mtapita ufukweni tu?" Mleteni aliyeisema saa kumi jioni siku ya bamvua. Atakuta mchanga umemezwa na mawimbi yanapiga kwenye mizizi ya mivinje. Mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni anahitaji njia ya nchi kavu, juu ya alama ya maji ya bamvua, pamoja na vishukio vya kumfikisha mwambani, kwenye mashamba ya mwani na kwenye diko, wanaposhushia samaki.

Msafara uwe na wazee wawili watatu wanaoijua njia, wanawake wanaokwenda mwambani, mtu wa BMU, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, na kijana mwenye simu yenye GPS. Kijana achukue alama kwenye kila kona, kila mchepuko na kila kishukio. Picha zipigwe za vitu visivyohama: kisima cha maji baridi, makaburi ya wazee, mbuyu, mwamba uliochongoka. Andikeni pia nani anapita, saa ngapi, msimu gani na akiwa na mzigo gani. Sentensi kama "wanakijiji hutumia njia hii" haisaidii kitu. Sentensi yenye nguvu ni hii: "Siku za bamvua wanawake hushuka kuanzia saa mbili asubuhi, na wavuvi wa taa hushuka tena usiku." Hiyo inamwambia msomaji kwamba njia ikifungwa jua linapozama, nusu ya riziki imefungwa.

Pimeni upana mnaouhitaji kwa vitendo. Wasimamisheni watu wawili wenye magunia ya mwani mabichi wapishane, kisha mpitisheni mwenye baiskeli yenye matenga ya samaki. Mimi huwashauri watu wasikubali chini ya mita tatu, na panapopita pikipiki za kubeba samaki waombe zaidi.

Jambo la kitaalamu ambalo limewahi kuharibu kazi nzuri ni mfumo wa vipimo. Simu hutumia mfumo wa WGS84, wakati ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Alama ile ile ikihamishwa bila kubadilishwa inaweza kusogea karibu mita 300, na njia yenu ikaonekana inapita baharini au katikati ya shamba la mtu. Mwambieni mpima wa halmashauri aandike kwenye ramani yake ametumia mfumo gani. Kwa ramani zenye gridi ya UTM, sisi tuko ukanda wa 37 Kusini.

Kisha kusanyeni ushahidi wa umri. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 zinazotolewa na idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi huonyesha njia nyingi za miguu. Picha za satelaiti za miaka iliyopita zinapatikana bure kwenye Google Earth. Njia iliyokanyagwa huonekana kama mstari mweupe. Wazee wenu nao waandikiwe hati za kiapo wakiwa bado wana nguvu: amezaliwa lini, alianza kupita lini, alipita na nani, njia ilikuwa inaelekea wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na njia ni mali.

Hatua ya pili: jueni sheria inasema nini, na haisemi nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina mambo mawili ya kushika. Kifungu cha 4 kinampa kila raia haki ya kufika kwenye sehemu za umma za mazingira kwa ajili ya burudani, elimu, afya, ibada, utamaduni na shughuli za kiuchumi. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufuko, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari.

Watu wengi wanaikariri mita 60 wakidhani ni njia. Si njia. Ni ukanda wa kulinda mazingira; unazuia ujenzi, lakini hauandiki popote kwamba mama fulani ana haki ya kupita hapa saa tatu usiku. Mwekezaji anaweza kuuheshimu ukanda huo bila kujenga hata tofali na bado akaweka lango na mlinzi. Kwa hiyo daini vyote viwili: mita 60, na njia iliyotajwa kwa jina lake. Daini pia mita hizo zihesabiwe kuanzia alama ya juu ya maji ya bamvua, maana pwani yetu inaliwa. Na mkiambiwa kwamba nyasi za gofu si jengo, jibuni kwamba nyasi zinazomwagiliwa, kutiwa mbolea na kupigwa dawa mwaka mzima ni shughuli ya kudumu, na mbolea yake itashuka na mvua hadi kwenye mwani.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua njia za umma, na inaruhusu halmashauri au kikundi cha watu kuomba kwa Kamishna wa Ardhi njia ya jumuiya itambuliwe rasmi. Hii ndiyo silaha inayosahaulika kuliko zote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli ya kukubali au kukataa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 kuhamishiwa kwenye ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji. Zaidi ya hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea maoni ya kijiji. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida huchukua kama hekta 50 hadi 70. Mradi mwingi wa namna hii, basi, unapita mikononi mwa mkutano wenu wenyewe.

Walio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, wana ofisi ya hifadhi ya kuishirikisha pia. Penye mikoko, wahusika ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Msikate hata mti mmoja kupanua njia bila kibali chao.

Hatua ya tatu: njia iingie kwenye karatasi za kijiji

Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, njia iwe ajenda inayojitegemea. Isifichwe kwenye "mengineyo". Muhtasari utaje kila njia na kila kishukio kwa jina wanaloliita watu, upana wake, na viambatanishwe na orodha ya alama za GPS. Azimio liseme wazi kwamba hakuna ardhi ya pwani itakayotolewa bila njia hizo kuachwa nje ya kiwanja cha mwekezaji. Maneno "nje ya kiwanja" ni ya kuyapigania. Njia iliyobaki ndani ya hati ya mtu mwingine, hata kwa ahadi tamu, hutegemea moyo wa mwenye hati, na hati zinauzwa.

Baada ya hapo njia zichorwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kama kijiji hakina mpango, hiyo ndiyo sababu ya kuusukuma mwaka huu. Halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo ya kulinda njia na vishukio, ipite kwenye mkutano mkuu, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Sambamba na hilo pelekeni ombi la njia ya jumuiya kwa Kamishna kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa.

Mliopo kwenye mitaa ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani au Lindi hamna mkutano mkuu wa kijiji. Kwenu vita iko kwenye mchoro wa mipango miji. Nendeni kwa afisa mipango miji, ombeni kuuona mchoro wa eneo lenu, na mtazame kama njia imechorwa au imemezwa na kiwanja. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi likibandikwa, soma siku ya mwisho ya pingamizi siku hiyo hiyo.

Kila barua iwe na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au saini kwenye kitabu cha dispachi. Mkinyimwa nyaraka, andikeni ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu.

Hatua ya nne: msiuache mkutano wa mazingira upite

Hoteli na uwanja wa ukubwa huo ufukweni haupaswi kuanza kujengwa bila cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, inayosimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira ambayo wengi tunaijua kama NEMC. Washauri wa mradi watakuja kukusanya maoni. Wataleta karatasi ya mahudhurio. Juu yake andikeni kwa mkono: "Mahudhurio tu, si ridhaa." Nimeona saini za waliokuja kusikiliza zikigeuka ushahidi wa waliokubali.

Wapeni washauri ramani yenu, na mtake ripoti ijibu maswali haya kwa maandishi: njia zetu ziko wapi kwenye mchoro wa mradi, mipira itaangukia wapi, dawa na mbolea zitaelekea wapi mvua za masika zikinyesha, maji ya kumwagilia yatatoka kwenye chanzo gani. Nakala ya maoni yenu ipelekeni wenyewe ofisi ya kanda ya kusini ya mamlaka hiyo, msimwachie mshauri peke yake.

Hatua ya tano: usalama, na mchoro wa uwanja

Hapa ndipo vijiji vingi hunyamaza, kwa kuwa gofu ni mchezo wa wageni. Lakini mambo ya msingi yanaeleweka na mtu yeyote.

Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93, ni mgumu, na hata kwa mchezaji wa kawaida unaweza kutoka kwenye fimbo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ukimpata mtu kichwani au jichoni unalemaza. Tena hauendi palipolengwa. Kosa la kawaida la mchezaji wa mkono wa kulia asiye hodari ni mpira kupinda kuelekea kulia. Wengi wa wachezaji ni wa mkono wa kulia, na wageni wengi wa hoteli si hodari.

Sasa tazameni pwani yetu. Sehemu kubwa bahari iko mashariki. Mchezaji anayepiga kuelekea kaskazini ana bahari na njia yenu upande wake wa kulia, yaani upande mpira unakopindia. Anayepiga kuelekea kusini, mpira ukipinda unakwenda magharibi, ndani ya uwanja. Kwa hiyo mashimo yaliyo jirani na njia (kila shimo ni eneo lote kutoka mahali pa kupigia mpaka kwenye bendera) yachezwe kutoka kaskazini kwenda kusini. Ni mstari mmoja kwenye mchoro, haugharimu chochote kabla ya ujenzi, na baada ya ujenzi haubadilishiki kirahisi. Mliopo kwenye ghuba, kama Mikindani au Lindi, ambako ufuko unageukia pande nyingine, simameni mahali pa kupigia, mtazame shimo, na muulize: mkono wa kulia kuna nini?

Upepo nao uhesabiwe. Kusi na kaskazi zote huwa na sehemu inayotoka baharini. Mchezaji mzoefu akiona upepo unasukuma mpira nchi kavu hufidia kwa kulenga upande wa bahari, yaani juu ya njia. Mbunifu wa uwanja aeleze mahesabu yake kwa misimu yote miwili.

Njia ikilazimika kukatiza uwanja, ipite nyuma ya sehemu ya kupigia mpira wa kwanza, na ivuke kwa mkato mfupi. Isipite kamwe mbele yake, mahali mpira unapoangukia. Penye kona au kilima ambapo mchezaji hamwoni mpitaji, kuwe na mtu wa bendera saa zote za mchezo. Vichaka vizito vya asili kati ya uwanja na njia husaidia kuliko safu ya minazi, maana mpira hupenya kati ya minazi bila kuguswa. Nyavu ndefu zinaweza kufaa sehemu fupi, lakini chumvi ya bahari hula nguzo na nyaya. Bila bajeti ya kuzibadilisha, baada ya muda ni pambo tu.

Vibao viwe vya Kiswahili na vyenye picha. Mchezaji akipiga vibaya hupaza sauti "Fore!", neno ambalo mtoto anayetoka madrasani Msimbati hawezi kulijua. Kubalianeni wachezaji na wabeba mikoba wapige filimbi na kuita "Mpira!" Wafundisheni watoto shuleni: ukisikia wito huo, usiinue uso kutafuta, inama, upe mgongo uwanja, funika kichwa kwa mikono. Mchezaji asubiri mpitaji amalize kupita. Uskoti, ambako mchezo huu una mizizi, sheria ya 2003 inaruhusu watu kuvuka viwanja vya gofu kwa miguu mradi wasikanyage maeneo ya bendera na wasivuruge mchezo. Wanaodai gofu na wapita njia haviwezi kukaa pamoja waelezwe hilo.

Hatua ya sita: mkataba wa ujirani

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasainiwe na kijiji na mwekezaji, halmashauri ya wilaya ikiwa shahidi, na yamfunge yeyote atakayenunua mradi baadaye. Saa za njia ziwe saa 24. "Njia itafunguliwa mchana" ni kifungu kinachosikika vizuri na kinachowanyima kazi wavuvi wa taa na wachokoaji wa usiku wa bamvua.

Pasiwe na lango, kujisajili, kitambulisho wala kupekuliwa ndoo. Mbwa wa ulinzi wasifikie njia, na uzio wa umeme usiwepo kando yake. Siku za kupiga dawa zitangazwe mapema. Mradi uwe na bima inayolipa watu wa nje wanaoumia. Na bahari ikila ufuko, njia isogee nchi kavu pamoja na ukingo. Kifungu hiki msikiache: baada ya mawimbi makubwa kama ya kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ukingo wa jana si lazima uwe wa leo.

Hatua ya saba: uwanja ukishafunguliwa

Teueni watu wawili wa kushika daftari la njia, mmoja wao awe mwanamke anayekwenda mwambani. Kila mpira unaoangukia njiani uandikwe: tarehe, saa, karibu na shimo namba ngapi, picha, na mpira wenyewe utunzwe. Mpira uliokosa mtu unahesabika sawa na uliompata, kwa sababu unaonyesha mradi ulijua.

Uingereza, mwaka 1922, dereva wa teksi alipoteza jicho baada ya mpira wa gofu kuvunja kioo cha gari lake barabarani. Katika kesi hiyo, Castle dhidi ya St Augustine's Links, mahakama iliona mipira ilikuwa ikitoka mara kwa mara na mahali pa kupigia palivyowekwa palikuwa kero kwa umma, klabu ikabanwa. Haiwafungi majaji wetu, ila ni hoja nzuri kwa wakili.

Mtu akiumia, kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali, kisha daftari. Msikubali malipo ya mkononi yanayoambatana na karatasi ya kusaini papo hapo.

Hatua ya nane: njia ikizibwa

Msing'oe uzio. Najua hasira yake, lakini siku mtakapong'oa, kesi inahama kutoka kwenye njia na kuwa ya uharibifu wa mali, na vijana wenu ndio watakaokaa mahabusu. Pigeni picha siku hiyo hiyo zenye tarehe, andikeni majina ya waliozuiwa, na mpeleke barua kwa mradi mkiwapa siku chache za kufungua, nakala kwa mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya na NEMC. Wakaguzi wa mazingira wana uwezo wa kutoa amri pale mita 60 zinapovunjwa, na mara nyingi hiyo ni njia ya haraka kuliko mahakama.

Mgogoro wa ardhi huanzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na lina siku 30. Likishindwa, chukueni cheti chake. Bila hicho baraza la ardhi na nyumba la wilaya halitawasikiliza, isipokuwa siku hizo 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika. Kama mnayemshtaki ni halmashauri au serikali, lazima itangulie notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanaweza kuwasaidia bila malipo. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya awaonyeshe walipo, na mwende na daftari, ramani, viapo na mihtasari yote kwenye faili moja, nakala nyingine ikibaki kijijini.